Cheti cha kifo cha mzee kina jina lingine, hati ya nyumba ina jina lingine. Ofisi ya ardhi wamenigomea, naanzia wapi?

Mzigua_wa_Mjini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Ni ndefu kidogo, nikiifupisha haitaeleweka.

Mzee wetu alitangulia mbele za haki mwaka jana. Siku ile mimi nilikuwa njiani natoka Dodoma, mama hajiwezi, kwahiyo aliyeenda dirishani pale hospitali kufuata makaratasi ya mwili ni baba mdogo. Akaulizwa jina la marehemu, akajibu Athumani Selemani Mshamu. Sasa Mshamu ni jina la ukoo, huko kijijini kwetu ukisema Mshamu wanageuka watu ishirini, ila mzee makaratasi yake yote, toka ameanza kazi mpaka anastaafu, aliandika Athumani Selemani Kibwana. Kitambulisho cha taifa cha NIDA Kibwana, hati ya nyumba Kibwana, benki Kibwana. Baba mdogo nikimuuliza anasema "mimi kaka yangu nimemjua kwa jina hilo miaka sitini, ulitaka nimuite nani?" Na kweli huwezi kumlaumu, mtu kafiwa dakika kumi zilizopita anaulizwa maswali.

Kile kikaratasi kikazaa kibali cha mazishi, kibali kikazaa cheti cha kifo, cheti kikaenda mahakama ya mwanzo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi, fomu namba 4 nikakabidhiwa: msimamizi wa mirathi ya marehemu Athumani Selemani Mshamu. Njia nzima hakuna aliyeshtuka, mimi mwenyewe nilisoma jina langu tu nikaona liko sawa nikafurahi.

Balaa limeanzia ofisi ya ardhi huku mkoani. Dada wa dirishani kaangalia hati, kaangalia fomu, akanisukumia vyote kwa kidole kama karata, "hawa ni watu wawili". Nikaeleza weee. Akasema nenda kafanye dipoo. Nimetoka nje sijui dipoo ni mdudu gani, kijana wa steshenari akaniambia kaka hiyo ni kiapo tu, elfu hamsini nakumalizia sasa hivi. Akavuta droo akatoa karatasi IMESHAPIGWA MUHURI WA WAKILI, muhuri wa zambarau na sahihi juu yake, yeye kazi yake ikawa kujaza majina tu. Huyo wakili sijamuona mpaka leo. Kiapo kinasema mimi naapa kwamba Athumani Mshamu na Athumani Kibwana ni mtu mmoja.

Nikarudi mbio dirishani. Kikakataliwa. Sababu: wewe sio mwenye jina, aje mwenye jina aape. Nikamwambia mwenye jina tumeshamzika. Akasema basi hilo ni la kwenu.

Benki majibu ni hayohayo. Mama ana dawa za kila mwezi na hela ya mzee ipo tu kule imelala. Nianzie wapi wakuu?

Shoka_Bila_Mpini

Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee. Naweka mkeka hapa nasubiri wanasheria, na sisi tuna ishu inafanana na hii kwa bibi.

dogo_wa_Ilala

Mkuu umekuwa mgeni nchi hii? Hapo wanataka ya maji tu, mpe yule dada alfu thelathini uone kama Mshamu na Kibwana hawajawa mapacha.

Kalamu_Nyekundu

@dogo_wa_Ilala acha kumuingiza mwenzio shimoni. Sheria ya rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa na anayepokea wote wawili. Na hata tuseme kapokea, jina kwenye jalada litabaki vilevile, siku nyumba inauzwa mnunuzi akikagua hati tunarudi palepale. Kama yeye ndo kaombwa, TAKUKURU wana namba 113 ya bure, ila kwa maelezo yake sioni alipoombwa. Kanyanyaswa kwa majibu ya mkato tu, ambayo kwa bahati mbaya sio kosa la jinai.

Mleta uzi pole. Mimi ni wakili, nakujibu kwa ulichoandika hapa, sijaona makaratasi yako.

Kwanza hiyo dipoo. Ni hati ya kubadili jina, wenyewe wanaiita deed poll. Mtu anaandika kwamba kuanzia leo naliacha jina hili nalishika lile, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ni ya mtu aliye hai ANAYEBADILI jina. Mzee wako hakubadili jina, na marehemu habadili jina. Kwahiyo ulichoambiwa dirishani hakitekelezeki hata ungekuwa na hela za Bakhresa.

Pili hicho kiapo cha droo. Kiapo kinaliwa mbele ya kamishna wa viapo, ana kwa ana, na pale chini lazima ionekane jina lake, mahali na tarehe kilipoapwa. Karatasi iliyogongwa muhuri asubuhi ukaja kujazwa mchana sio kiapo, ni karatasi yenye rangi. Usikipeleke popote tena, tena uombe Mungu wasikiweke kwenye faili, maana aliyesaini kwamba ameapa mbele ya mtu ambaye hajamuona ni wewe.

TozoKilaMahali

Me ningewapeleka mahakamani hao ardhi wakome. Haki ya mtu imezuiwa na dirisha, ndo ujinga gani huu?

Kalamu_Nyekundu

Ukitaka kushtaki serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya 2020 hata halmashauri na wakala za serikali zimeingia humohumo, zamani ungeweza kuwashika kirahisi zaidi. Sasa hesabu siku 90 za notisi ongeza miezi ya kesi ongeza nauli, wakati tatizo lenyewe ni neno moja kwenye cheti. Na tuseme ukweli, kwenye hili yule dada hajakosea kukataa, majina hayafanani kweli. Kakosea kukuelekeza.

TozoKilaMahali

Dah haya, ila majibu yao yanaudhi bana

Karani_Mstaafu

Wanangu shikamooni za kwenu nimezipokea hata kama hamjatoa. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, haya ya majina nimeyaona mpaka nikawa nayaota. Huyu hana haja ya kurudi RITA, kwa watoa vyeti vya vifo. Aende mahakama ileile iliyomteua, aandike barua kwenye shauri lake namba ileile aeleze kwamba marehemu alijulikana kwa majina mawili, aje na ndugu wawili watu wazima waseme hivyo mbele ya hakimu, hakimu akiridhika fomu inatoka upya imeandikwa "Athumani Selemani Mshamu ambaye pia alijulikana kama Athumani Selemani Kibwana". Zamani tulikuwa tunafanya hivyo na benki walikuwa wanapokea bila neno.

Kalamu_Nyekundu

Mzee wangu shikamoo. Hiyo njia ipo na sikatai, kwa benki inaweza kupita. Wasiwasi wangu ni ardhi. Msajili ana hati inasema Kibwana, atapokea fomu yenye majina mawili, alafu ataomba cheti cha kifo akute Mshamu peke yake, na cheti ndo karatasi mama. Bora kung'oa mzizi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inaruhusu makosa kwenye daftari kusahihishwa kukiwa na ushahidi, na hapa ushahidi anao wa kutosha: NIDA ya marehemu, hati, na zaidi ya yote yule aliyelitaja hilo jina yupo hai na anakubali kwamba lilikuwa jina la ukoo. Arekebishe cheti, na cheti kipya ndo akipeleke mahakamani.

Karani_Mstaafu

Nakusikia wakili. Lakini umemuuliza fomu namba 4 kapewa lini?

Kalamu_Nyekundu

Aisee. Swali zuri kuliko yote humu. @Mzigua_wa_Mjini ni lini?

Mzigua_wa_Mjini

Ina miezi mitatu na siku kama tisa hivi. Kwani ina tatizo?

Karani_Mstaafu

Ndo maana nikauliza. Mwanangu, msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke fomu namba 5, orodha ya mali zote na madeni yote ya marehemu. Wewe umebakiza wiki tatu na mali hujazigusa. Watu wengi wanadhani wakishateuliwa wamemaliza, wanaiweka fomu kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, baada ya miaka miwili shangazi anaenda kulalamika kwamba msimamizi hajafanya chochote, uteuzi unatenguliwa na mnaanza moja. Kanuni zenyewe zinasema miezi minne au muda zaidi utakaoruhusiwa na mahakama. Kwahiyo kesho asubuhi kabla ya RITA kabla ya nini, andika barua ya kuomba nyongeza ya muda, eleza sababu ni jina, ambatanisha kopi ya hati na ya cheti. Toa nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ndo ya kwako na usimpe mtu hata akikuomba kwa upole.

Mzigua_wa_Mjini

Mzee asante sana, hili hakuna mtu aliwahi kuniambia. Nilijua miezi minne ni ya kugawa.

mama_nunu

Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi niko hai namshukuru Mungu, ila cheti cha form four kinasema Mwanaasha na NIDA wameandika Mwanaisha, na mwajiri kaniambia nilete kiapo. Sasa nikisoma hapo juu naogopa. Ni kiapo au ni hiyo dipoo? Pia nimeolewa, mume anataka nitumie jina lake, nifanye yote kwa pamoja?

Kalamu_Nyekundu

Dada ukitofautiana herufi tu na wewe ni yuleyule, kiapo kinatosha kwa waajiri wengi, unaapa kwamba majina yote mawili ni yako. Kumbuka tu kiapo hakifuti kosa, kinalielezea. Kosa litabaki NIDA, na utakuwa unatembea na hicho kiapo kila ofisi kama kadi ya kliniki. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaasha, nenda NIDA wilayani kwako na cheti hicho uombe marekebisho ya taarifa, ufanye hivyo mapema kabla hujafungua vitu vingine vingi kwa jina lililokosewa.

La mume: hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Ukitaka kulichukua hiyo ndo inakuwa hati ya kubadili jina. Ila kwa usalama wa akili yako usichanganye haya mawili kwa mkupuo, utakuwa na majina matatu kwenye mafaili manne.

mama_nunu

😂😂 abaki na jina lake. Asante wakili.

Shoka_Bila_Mpini

Jamani na ile kikao cha ukoo? Kwetu bibi kafariki, wajomba wamegoma kusaini muhtasari, mahakamani karani kasema bila muhtasari hafungui jalada. Hivi ni sheria?

Kalamu_Nyekundu

Ni mazoea zaidi kuliko sheria. Mahakama Kuu imeshasema zaidi ya mara moja kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo sio sharti la kisheria kufungua mirathi. Unasaidia tu kuonyesha ndugu wanafahamu na nani anapendekezwa. Mtu mwenye maslahi kwenye mirathi anaomba, tangazo linatoka, mwenye pingamizi analeta. Wajomba wakigoma kusaini nafasi yao ni kuja kupinga siku hiyo, sio kukufungia mlango. Mwambie karani kwa heshima akuandikie kwamba amekataa kupokea maombi kwa sababu ya muhtasari. Uone kama ataandika.

Na hili linakuhusu hata wewe mleta uzi. Jibu la dirishani halina pa kulikatia rufaa, ukienda kwa mkubwa wake atakuambia hakusema hivyo. Jibu la maandishi lina pa kwenda. Uamuzi wa Msajili wa Hati kwa mfano unakatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya miezi mitatu, sasa utahesabu miezi mitatu kuanzia nini kama ulichonacho ni kidole cha dada na karata?

dogo_wa_Ilala

Ila wakili hapo kwa karani umetupiga, nani mtanzania wa kawaida anamwambia karani "niandikie"? Ukisema hivyo faili lako linapotea siku hiyohiyo 😂

Karani_Mstaafu

Dogo kuna ukweli ndani yake na mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Siri ni kwamba usimwambie niandikie. Wewe ndo uandike. Unaleta barua yako fupi, "rejea mazungumzo yetu ya tarehe fulani ambapo nilielekezwa moja mbili tatu, naomba mwongozo". Unaipeleka masjala wanaigonga muhuri. Hapo barua imeingia kwenye jalada na ina namba ya ukurasa, mkubwa lazima aione na lazima atoe maelekezo pembeni kwa kalamu. Karani haogopi mteja anayepiga kelele, kelele zinaisha saa tisa na nusu anaenda nyumbani. Anaogopa karatasi iliyoko ndani ya faili.

dogo_wa_Ilala

Daah mzee. Hii naichukua.

Mtoto_wa_Tandika

Na sisi tulioko Dar tunaanzia mahakama ya mwanzo ya kata au?

Kalamu_Nyekundu

Kwa Dar nenda Temeke, kile kituo jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia, mirathi zinashughulikiwa pale. Mikoani ni mahakama yenye eneo alilokuwa akiishi marehemu, sio ulipo wewe wala alipozikwa. Watu wanasafirisha mwili kijijini wanafungua na mirathi kijijini wakati mzee kaishi mjini miaka thelathini, inakuja kutenguliwa baadaye kwa hilo tu. Pia mahakama ya mwanzo inashughulika na mirathi za kimila na za kiislamu, kama marehemu alikuwa mkristo na maisha yake hayakufuata mila unaenda mahakama za juu. Usikubali mtu akukimbize mwanzo kisa ni karibu.

Mtoto_wa_Tandika

Na asiye na hela ya wakili?

Kalamu_Nyekundu

Kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo mpaka ngazi ya wilaya na hawatakiwi kukutoza. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii halmashauri kwako watakuelekeza. Hili la kurekebisha jina halihitaji wakili kabisa, linahitaji viatu.

Mzigua_wa_Mjini

MREJESHO

Wakuu samahani nilipotea wiki saba hivi. Nimerudi kama nilivyoahidi, maana najua humu watu wakitatuliwa shida zao wanayeyuka.

Barua ya nyongeza ya muda niliipeleka kesho yake kama mzee alivyosema, nakala mbili. Yule karani alishangaa kidogo, "hii nyingine ya nini?" nikamwambia ya kwangu naomba muhuri, akagonga. Hakimu akaniita baada ya siku nane, akaniongezea miezi miwili.

RITA tulienda kwenye ofisi yao iliyopo kwa mkuu wa wilaya. Nilienda na baba mdogo, kopi ya NIDA ya mzee, hati, kadi yake ya benki, barua ya mtendaji wa mtaa, na kiapo cha baba mdogo mwenyewe. Safari hii cha ukweli, tulikaa mbele ya wakili, akamsomea baba mdogo mstari kwa mstari, akamuuliza unaelewa unachoapa? elfu kumi na tano tu. Yaani elfu hamsini ya droo nilinunua rangi, wakili alisema kweli.

Sasa pale dirishani ndo palinitoa machozi. Yule mama akachukua fomu akamuuliza baba mdogo, "mzee, jina kamili la marehemu?" Baba mdogo akafungua mdomo, akafunga. Akanigeukia mimi. Nikakaa kimya maana niliambiwa ajibu mwenyewe. Akavua kofia, akasema taratibu kama anasoma msahafu, "Athumani. Selemani. Kibwana." Alafu akaongeza kwa sauti ya chini, "lakini sisi tulimuita Mshamu." Yule mama akacheka akasema sawa mzee hiyo siandiki.

Cheti kilichosahihishwa kilichukua siku kumi na saba. Nikakipeleka mahakamani na barua, hakimu aliitisha tukae, akawauliza ndugu waliokuwepo kama kuna anayepinga, hakuna, fomu namba 4 imetoka upya ina Kibwana. Benki wameshaipokea na mama dawa anapata.

Ardhi bado ila inatembea. Nilirudi kwa dada yuleyule, hakunikumbuka. Kaniambia kwanza hati inaandikwa jina langu "kama msimamizi wa mirathi", ndo baadaye nahamisha kwa warithi. Nikamuuliza sasa si nyumba itakuwa yangu? akasema usijidanganye.

Karani_Mstaafu

Na asijidanganye kweli. Msimamizi ni mbeba mizigo, mwenye mizigo ni warithi. Hongera mwanangu. Fomu namba 5 je?

Mzigua_wa_Mjini

Nimeipeleka juzi mzee, nakala mbili 😂. Kodi za wapangaji nazo nimeziandika zote, mpaka ile miezi niliyopokea kabla sijateuliwa.

Shoka_Bila_Mpini

Mkuu hiyo fomu 5 uliipata wapi? Na madeni unaandika hata ya dukani? Bibi alikuwa na daftari kwa mangi.

Mzigua_wa_Mjini

Palepale mahakamani kwa karani, nilitoa kopi nikaijaza nyumbani kwa penseli kwanza. Madeni yote mkuu, mangi naye muite umuulize kabla hujajaza, mimi fundi viatu alijitokeza anamdai mzee elfu kumi na mbili na kiatu kimoja bado anacho.